Askari Anapouawa Kazini: Mambo ya Kufanywa na Familia Yake Nchini Kenya

Familia ya askari aliyeuawa kazini hutembelewa na wakubwa wengi katika wiki ya kwanza, na ifikapo mwezi wa tatu huwa imebaki na simu zisizopokelewa na faili ambalo hakuna anayejua liko meza gani. Mwongozo huu umekusudiwa mjane, wazazi, ndugu na watoto wakubwa wa askari wa Huduma ya Kitaifa ya Polisi nchini Kenya, awe alikuwa wa Polisi wa Kenya, wa Polisi wa Utawala au wa Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai (DCI). Jambo ninalowaomba walishike kuliko mengine yote ni kwamba karibu kila haki watakayoidai baadaye itategemea maneno yaliyoandikwa siku za mwanzo kuhusu kazi aliyokuwa ametumwa, mahali alipokuwa na namna alivyofikwa na mauti.

Sababu yake imo ndani ya sheria yenyewe. Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, inatofautisha mtumishi aliyefariki akiwa bado kwenye ajira, kwa mfano kwa maradhi, na yule aliyekufa kutokana na majeraha aliyoyapata akitekeleza wajibu wake. Ili mjane na watoto wapate pensheni ya ziada ya aliyeuawa kazini, mambo matatu huangaliwa: kwamba marehemu alikuwa anatekeleza kazi yake hasa, kwamba hakuumia kwa kosa lake mwenyewe, na kwamba kifo kilitokana na hali zinazofungamana na aina ya kazi aliyokuwa akiifanya. Askari aliyekanyaga kilipuzi barabarani Lamu au Mandera akiwa doria ana ushahidi ulio wazi. Lakini askari aliyekuwa mapumzikoni, amevaa nguo za kiraia, akaingilia kati wizi sokoni na kupigwa risasi, anaweza kuandikwa katika mstari mmoja kwamba aliuawa na watu wasiojulikana, na mstari huo ukabaki hivyo hadi unapomfikia karani wa pensheni ambaye hakuwahi kusikia habari ya wizi wowote.

Siku za kwanza, kabla ya mazishi

Teueni mtu mmoja wa kusema kwa niaba ya familia. Asiwe mjane, kwa kuwa mjane ana msiba wa kutosha, na asiwe mtu ambaye upande mmoja wa familia haumwamini. Mtu huyu ndiye atakayekwenda kwa mkuu wa kituo, au kwa kamanda wa kikosi ikiwa marehemu alikuwa wa kikosi maalumu, na kuomba kwa adabu mambo machache: nambari ya taarifa katika Kitabu cha Matukio, ambacho wengi tunakiita OB, jina na cheo cha afisa anayechunguza kifo, kituo cha DCI kinachoshughulikia kesi, na jina la afisa aliyekabidhiwa kushughulika na familia. Ayaandike yote katika daftari moja, pamoja na tarehe na saa ya kila mazungumzo. Nambari ya utumishi ya marehemu iandikwe juu ya ukurasa wa kwanza, kwa sababu itaulizwa katika kila ofisi.

Baada ya hapo, familia iandike barua fupi kwa kamanda ikiomba ithibitishwe kwa maandishi kwamba marehemu alikuwa kazini, ametumwa na nani, na tangu saa ngapi. Baadhi ya watu huona aibu kuandika barua ya namna hii maiti ikiwa bado mochari, wakihofia kwamba wataonekana wanakimbilia pesa. Hofu hiyo naielewa, lakini siikubali. Wenzake waliokuwa naye watahamishwa, daftari la zamu litajaa na kuwekwa stoo, na kamanda anayemkumbuka leo huenda mwakani akawa kaunti nyingine. Barua iliyopokelewa na kugongwa muhuri ndani ya wiki ya msiba ina uzito ambao kumbukumbu za watu haziwezi kuwa nao baada ya miaka miwili, na familia ibaki na nakala yake.

Uchunguzi wa maiti hauepukiki katika kifo cha kuuawa. Familia ina haki ya kuuliza utafanyika lini, na inaweza kuomba daktari wake mwenyewe ahudhurie pamoja na mwanapatholojia wa serikali. Kwa familia za Kiislamu, ambazo hazipendi maiti acheleweshwe, njia iliyo bora ni kumwomba afisa mchunguzi na hospitali siku ile ile waharakishe, badala ya kuomba uchunguzi uachwe kabisa. Kesi ya mauaji isiyo na ripoti ya daktari ina tundu kubwa, na wakili wa mshtakiwa ataliona kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kuna misiba ambayo hata maiti ni shida kuipata. Katika shambulio la bonde la Suguta, karibu na Baragoi, mwezi Novemba mwaka 2012, ambapo zaidi ya askari 40 waliuawa walipokuwa wakifuatilia mifugo iliyoibwa, miili ilikaa porini kwa siku kadhaa kabla ya kuchukuliwa. Katika milipuko ya barabarani, mwili unaweza kuungua kiasi cha kutotambulika. Hapo familia itaombwa sampuli za DNA, na jamaa wanaofaa kutoa ni wazazi wa marehemu au watoto wake wa kuzaa. Msikubali kuzika kabla ya majibu kutoka, hata mkishinikizwa na ratiba ya wakubwa. Askari aliyepotea bila mwili kupatikana ni jambo gumu zaidi, kwa kuwa Sheria ya Ushahidi humhesabu mtu kuwa amekufa baada ya miaka saba bila habari zake kusikika kwa watu ambao wangepaswa kuzisikia. Familia ya namna hiyo inahitaji wakili mapema ili aiombe mahakama ipokee ushahidi wa mazingira bila kungoja muda huo wote.

Kwa kawaida Huduma ya Polisi hushughulikia usafiri wa mwili na heshima za mazishi: wenzake hulibeba jeneza, na bendera hutandazwa juu yake. Ulizeni mapema ni gharama gani zinalipwa na serikali na zipi zimeachiwa kamati ya mazishi, na mhifadhi risiti zote, hata ya hema na ya chakula. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 inatambua gharama za mazishi kuwa sehemu ya madai, na hakuna anayerudishiwa pesa bila risiti.

Sare, bunduki, redio na kitambulisho cha kazi ni mali ya serikali na hurudishwa kwa orodha iliyotiwa sahihi na pande zote mbili. Vitu binafsi vilivyokuwa kambini navyo viandikwe katika orodha. Simu ya marehemu huenda ikazuiwa kama kielelezo cha kesi. Ikiwa hivyo, ombeni hati inayoonyesha ni nani aliyeichukua na lini. Mtu yeyote katika familia asitumie nambari ya siri ya marehemu kutoa pesa kwenye simu au benki, hata kama anaijua na hata kama pesa hizo ni za kununulia jeneza. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinaliita jambo hilo kuingilia mali ya marehemu, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Karatasi

Cheti cha kifo ndicho mzizi wa yote yanayofuata. Kibali cha mazishi hakitoshi, ingawa familia nyingi hukichukulia kuwa ndicho cheti, kisha zikashangaa zinaporudishwa benki. Chukueni cheti halisi kutoka ofisi ya usajili wa raia, na kagueni kila herufi ya jina dhidi ya kitambulisho cha taifa na karatasi ya mshahara kabla ya kuondoka dirishani. Jina lililoandikwa kwa tahajia mbili tofauti linaweza kuchelewesha malipo kwa miezi mingi, na kulirekebisha kunahitaji hati ya kiapo.

Kisha tafuteni barua ya chifu wa eneo la nyumbani kwa marehemu, inayotaja kwa majina mke au wake, watoto wote na wazazi walio hai. Katika barua hii ndipo ugomvi wa familia hujitokeza, na ndipo ninapoomba uaminifu mkubwa. Askari hufanya kazi mbali na kwao kwa miaka, na si jambo la ajabu kukutana na mwanamke wa pili na watoto katika mji alikohudumu. Kuwaficha watoto hao hakuwaondoi katika urithi. Sheria ya Urithi inamtambua mtoto ambaye marehemu alimkubali kuwa wake, na pia inamtambua mwanamke aliyeolewa kwa mfumo unaoruhusu wake wengi. Mtoto aliyeachwa nje ya barua ya chifu ataleta pingamizi mahakamani, na hapo malipo ya kila mtu, pamoja na ya watoto wa nyumba kubwa, yatasimama. Mjane asiye na cheti cha ndoa ya kimila anaweza kuthibitisha ndoa yake kwa hati za kiapo za wazee walioshuhudia mahari, kwa picha, kwa vyeti vya watoto, na kwa fomu ambazo marehemu mwenyewe alimtaja kuwa mkewe.

Malipo, na milango yake

Kosa linalonisikitisha zaidi ni la familia kudhani kwamba kuna hundi moja tu, kisha ikapokea malipo ya kwanza na kurudi nyumbani. Milango ni kadhaa, na kila mmoja una ufunguo wake.

Mlango wa kwanza ni bima ya maisha ya kikundi na fidia ya ajali kazini, ambazo serikali huwakatia askari. Mkataba huu hubadilika, kwa hiyo ulizeni makao makuu ni kampuni gani ilikuwa na bima siku ya kifo, si iliyo nayo leo. Chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, fidia ya kifo kwa wategemezi hukokotolewa kwa mapato ya miezi 96. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali iliyosababisha kifo ndani ya saa 24 kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na madai ya wategemezi yawasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya kifo. Muda huo wa mwaka mmoja usiupuuze: arobaini ikipita, msimu wa shule ukafunguliwa, ukakaa ukingoja kuitwa, nusu ya mwaka itakuwa imekwisha. Mwombe afisa wa rasilimali watu akuonyeshe nakala ya taarifa iliyopelekwa, na ikiwa haikupelekwa, andika barua siku hiyo hiyo.

Mlango wa pili ni pensheni, na hapa tarehe ya kuzaliwa ya marehemu ina maana. Tangu tarehe 1 Januari 2021, watumishi wa umma waliokuwa na umri wa chini ya miaka 45, askari wakiwemo, waliingizwa katika mpango mpya wa kuchangia, ambapo mtumishi hukatwa asilimia 7.5 ya mshahara na serikali kuongeza asilimia 15. Sheria ya mpango huo pia inaitaka serikali iwe na bima ya maisha ya kiwango kisichopungua mara tano ya mshahara wa mwaka wa mwanachama. Kwa hiyo familia ya askari kijana huuliza mambo mawili: akaunti yake ya michango ina kiasi gani, na bima ya mpango huo inasemaje. Askari aliyeajiriwa kabla ya mwaka 2021 huwa pia na haki zilizolimbikizwa chini ya mfumo wa zamani, na hizo hushughulikiwa na Idara ya Pensheni ya Hazina ya Taifa jijini Nairobi. Faili huanzia kwa mwajiri ndipo lifike Hazina, hivyo kwenda Nairobi kabla ya kuthibitisha kwamba limeondoka makao makuu ya polisi ni kupoteza nauli.

Mlango wa tatu ni chama cha akiba na mikopo, na ndio huwa mwepesi zaidi. Hisa na akiba hupewa mtu ambaye mwanachama alimwandika kuwa mrithi wake chamani, na kama hakumwandika mtu, hupewa msimamizi halali wa mirathi. Ikiwa marehemu alimwandika mama yake miaka kumi kabla ya kuoa na hakubadilisha, mama ndiye atakayepewa, na mjane atakuwa na kazi ngumu kulipinga hilo. Askari walio hai wanaosoma haya waifungue fomu hiyo mwezi huu na kuitazama. Kuhusu mikopo, ulizeni kama ilikuwa na bima, kwa sababu mikopo mingi ya vyama na ya benki inayokatwa kwenye mshahara huwa na bima ya kifo, na hakuna sababu ya mjane kuanza kulipa deni ambalo limeshalipiwa.

Mshahara ukiendelea kuingia baada ya kifo, usiguswe. Serikali huudai baadaye na kuukata katika malipo ya familia.

Familia ya polisi wa akiba iko katika hali tofauti na ya kusikitisha. Polisi wa akiba huingia kwa kujitolea, wala hawahesabiwi katika pensheni ya watumishi wa kudumu, ingawa hufa katika mashambulizi yale yale. Sita kati yao waliuawa katika kaunti ya Garissa mwezi Machi mwaka 2025. Familia ya namna hiyo ikusanye barua ya uteuzi, kumbukumbu za posho, hati ya kukabidhiwa bunduki na maandishi ya kamanda aliyemtuma, kisha iandike kwa Inspekta Jenerali kupitia kamanda wa kaunti, na nakala ipelekwe kwa mbunge wao.

Mirathi mahakamani

Malipo yasiyo na mtu aliyeandikwa kuyapokea, likiwemo kiinua mgongo cha kifo chini ya mfumo wa zamani, humhitaji msimamizi halali wa mirathi. Maombi hupelekwa kwa hakimu ikiwa mali haizidi shilingi milioni 20, au Mahakama Kuu ikizidi. Tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Mjane ndiye mwenye nafasi ya kwanza ya kuteuliwa, lakini ikiwa kuna watoto walio chini ya miaka 18, sheria inataka wasimamizi wasiopungua wawili. Ni busara wa pili awe mtu ambaye familia ya mume inamkubali. Kwa kawaida hati huthibitishwa baada ya miezi sita, na ndipo mgao hufanywa. Familia isiyoweza kumlipa wakili, au iliyogawanyika kiasi cha kutoweza kukubaliana juu ya msimamizi, inaweza kwenda kwa Mdhamini wa Umma, ofisi iliyo chini ya Mwanasheria Mkuu. Mirathi ya Mwislamu hufuata sheria ya Kiislamu, na Kadhi anaweza kuisikiliza iwapo pande zote ni Waislamu na zimekubali mamlaka yake. Mjane aliye kwenye eda anaweza kumpa mtu barua ya kumwakilisha katika ofisi hizi ili muda wa madai usipite.

Kama familia inaishi katika nyumba za kambini, itatakiwa kuhama. Ombeni muda kwa maandishi, na mtaje muhula wa shule wa watoto. Kamanda hupata wepesi wa kukubali ombi lililo na tarehe. Watoto wasihamishwe shule katika mwezi wa msiba ikiwa kuna njia nyingine yoyote. Makasisi na maimamu wa polisi wapo, na Tume ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ina kitengo cha ushauri nasaha. Ulizeni kama kinaweza kuwaona mjane na watoto, na si wenzake wa kazini peke yao.

Kesi

Wapelelezi wanaochunguza mauaji ya askari ni wenzake, na bidii yao mara nyingi haina shaka. Hata hivyo familia isiwaachie kila kitu. Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya mwaka 2014 inaihesabu familia ya aliyeuawa kuwa mwathiriwa, na kuipa haki ya kuarifiwa hatua za kesi na kusikizwa. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba mwathiriwa anaweza kushiriki katika kesi kupitia wakili wake, ingawa mwenye kuendesha mashtaka anabaki kuwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu. Kesi nyingi za ugaidi hupelekwa mahakama ya Kahawa, viungani mwa Nairobi, na familia ya mbali ijiandae kwa nauli na malazi.

Mshtakiwa ana haki ya kuomba dhamana. Familia yenye hofu ya kweli, kwa mfano mshtakiwa anapotoka kijiji jirani na shahidi ni mtoto wa nyumbani, imweleze kiongozi wa mashtaka kabla ya siku ya ombi, naye ataliwasilisha kwa kiapo. Ikiwa risasi ilitoka kwa askari mwenzake, kwa makusudi au kwa bahati mbaya, pelekeni malalamiko kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi. Na pale chanzo cha kifo kisipoeleweka, Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inaruhusu hakimu kufanya uchunguzi wa wazi, ambao familia inaweza kuuomba.

Kuna jambo jingine ambalo hutokea mara nyingi katika kaunti za kaskazini. Baada ya askari kuuawa, operesheni huanza, na wanaoumia ni wanakijiji ambao hawakushika bunduki. Msemaji wa familia ataulizwa na wanahabari anataka nini. Aseme kwamba familia inataka waliomuua wakamatwe wakiwa hai na wafikishwe mahakamani, kwa maana mashahidi wa kesi yao wenyewe watatoka katika kijiji hicho hicho, na shahidi aliyechomewa nyumba hatakwenda kituo cha polisi kusema alichokiona.

Mshtakiwa akipatikana na hatia, mahakama inaweza kupokea taarifa ya familia kuhusu athari za kifo kabla ya kutoa hukumu. Iandikeni kwa maneno yenu wenyewe, na mtaje mambo yanayoonekana: karo iliyokatika, mama mzee aliyekuwa akinunuliwa dawa, mtoto aliyeacha kulala gizani. Msitaje adhabu mnayotaka. Mpeni kiongozi wa mashtaka nakala siku kadhaa kabla, ili upande wa utetezi uisome mapema usije ukaomba kesi iahirishwe, na mkubaliane nyumbani ni nani atakayesimama kuisoma ikiwa jaji ataruhusu.